Mistari Niliyoiruka

Naitwa Regina, mama yake Lea. Ninaishi Rudewa, wilaya ya Kilosa. Kila asubuhi nachota maji, nawasha moto, napika uji, kisha nakwenda shamba la kijiji pamoja na wenzangu. Jioni nafundisha darasa la kisomo. Kijiji chetu cha ujamaa kilipotafuta walimu wa kujitolea, jina langu lilitajwa la kwanza, kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba.

Nilijivuna, sifichi. Katika nyumba zetu kumi, barua zote zilipita mikononi mwangu. Mtu akipata karatasi yoyote, anaambiwa, "Mpelekee mama Lea akusomee." Nami nilikaza sauti kama karani wa mahakama.

Mume wangu, Anselmi, alikuwa na kibarua cha barabara huko Mikumi. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, mtoto wangu Lea, mama mkwe wangu Paulina, na baba mkwe.

Baba mkwe ni Mnyakyusa. Alitoka Tukuyu akiwa kijana kuja kukata mkonge hapa Rudewa. Bei ya mkonge ilipoanguka wenzake wengi walirudi kwao. Yeye alibaki akalima mahindi. Alikuja na desturi za kwao, akabaki nazo. Kwa desturi hizo, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hapiti mbele yake. Hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia mpaka mzee apite.

Mimi si Mnyakyusa, ni mtu wa Mvumi. Lakini nilipoolewa nilizifuata zote. Nilikijua kikohozi chake na mlio wa viatu vyake vya matairi. Nikivisikia tu, nageukia ukutani. Shikamoo yangu ilipelekwa na mama mkwe, na marahaba yake ikarudishwa na mama mkwe. Jina lake ni Ulimboka. Ninaliandika hapa kwa ruhusa yake, na mkono bado unasita.

Mwaka 1976, baada ya mavuno, mama mkwe aliniita jikoni. Alikuwa ameshika shuka.

"Mama Lea, baba yako anatoka damu," alininong'oneza. "Anatoka damu huko anakotolea haja. Nimemuuliza, akanifokea. Amekaa nayo miezi minne kimya."

"Aende hospitali, mama."

"Anaona haya. Anasema mtu mzima hawezi kumwonyesha mtoto wa watu mahali pale."

Mama alimsema mpaka akakubali. Akaenda mpaka hospitali moja huko Mikumi. Alirudi siku ya pili, ana pakiti mbili za dawa na karatasi. Mama alinieleza habari yenyewe. Daktari alitaka kumtazama ndani ya utumbo kwa bomba lenye taa. Lakini kwanza utumbo uwe mtupu na safi. Kwa hiyo Jumatano anywe dawa ya kuharisha hapa nyumbani, na Alhamisi apimwe. Nesi wa huko alitaka kumsomea ile karatasi mstari kwa mstari. Yeye akasema, "Usijisumbue, binti. Nyumbani kwangu yupo msomaji."

Msomaji mwenyewe ndiye mimi.

Jumanne jioni baba mkwe aliweka kigoda nje, nyuma ya ukuta wa jiko. Mimi nilikaa ndani na mama. Ukuta wetu wa miti na udongo una nyufa. Nilimsikia akipumua.

"Soma," mama aliniambia. "Baba yako anasikiliza."

Nikaifungua karatasi. Neno la kwanza juu kabisa lilikuwa jina lake. Nikaliruka, nikaanzia chini yake.

"Siku moja kabla ya kipimo, usile chakula kigumu," nilisoma. "Saa nne asubuhi changanya pakiti moja ya dawa na chupa moja ya maji. Kunywa polepole."

Mstari uliofuata ulikuwa na neno choo. Ulisema choo kitakuwaje, rangi gani, na kikifika rangi ipi mgonjwa aache dawa. Uliofuata ulikuwa na habari za kwenda haja mara nyingi. Mwingine ulikuwa na mkojo. Uso wangu ulipata moto. Je, mimi nimtamkie baba mkwe habari za choo chake? Nisome rangi yake, na yeye ananisikia? Nilihisi nikitamka maneno yale nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mke wake.

Macho yangu yakaruka. Nikaokota neno hapa na neno pale.

"Kunywa maji," nikasema. "Basi. Ndiyo mwisho."

"Mbona karatasi ndefu hivyo, maneno machache?" mama aliuliza.

"Ni mambo ya kizungu tu, mama."

Nyuma ya ukuta baba mkwe alikohoa kidogo. "Ameelewa," mama akasema. Nikaikunja karatasi, nikaichomeka kwenye makuti ya jiko. Usiniulize kama nilijua ninakosa. Nilijua.

Jumatano saa nne baba mkwe alikunywa pakiti ya kwanza. Dawa ikafanya kazi. Njia ya kwenda chooni inapita mlangoni mwa jiko, kwa hiyo kila alipopita niligeukia ukutani. Nilimsikia akipita mara ya tatu, mara ya sita, mara ya tisa. Mchana akachanganya na pakiti ya pili. Hakutaka aibu kesho mbele ya daktari. Alitaka awe safi kama sahani iliyooshwa.

"Maji," alikuwa akiomba. Mama akampa maji. Kata baada ya kata, mtungi mdogo mzima wa maji ya kisima ukaisha, tukaujaza tena, nao ukaisha. Maji matupu. Uji wake nao haukuwa na chumvi hata punje, kwa maana mama alijua desturi ya dawa za miti shamba: ukinywa dawa, unaacha chumvi. Akadhani na ya hospitali ni hivyo hivyo. Mimi niliuona uji ule ukipikwa. Karatasi ilikuwa juu ya kichwa changu, kwenye makuti. Sikuishusha.

Alasiri alianza kutapika. Akasema kichwa kinampasuka. Mama akamletea maji tena.

Kisha nikasikia viatu vya matairi vikija jikoni, na havikupita. Vilisimama mlangoni. Nikageukia ukutani.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema.

Baba mkwe ananiamkia mimi shikamoo!

"Mama, kengele ya mkonge imeshalia?" aliuliza. "Nyapara atanikata siku yangu. Panga langu liko wapi?"

Kengele ya mkonge ilikuwa na miaka mingi haijalia. Niligeuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama usoni tangu niolewe. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakunijua. Shuka ilikuwa imemlegea kiunoni. Akayumba, akaanguka kizingitini, mikono na miguu ikaanza kumtetemeka.

"Baba!" nililia. "Baba Ulimboka!"

Nililitamka jina lake. Nikamshika kichwa kisipigwe na jiwe la mlango. Mama Paulina alikuja mbio akapiga yowe, majirani wakajaa. Mimi nilikuwa nimekaa chini, baba mkwe amelala mapajani mwangu, amejiharia, na watu wote wanatazama. Nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika. Sijui aibu ile ilikuwa ya nani, yake au yangu.

Alipotulia walimweka kwenye kitanda cha kamba, wakambeba mpaka zahanati. Kabla sijaondoka nilinyoosha mkono kwenye makuti, nikachukua karatasi.

Kwenye zahanati yetu alikuwapo nesi Joha. Ni mama wa makamo, mtu wa Kilosa mjini, hana maneno ya kuzunguka.

"Mlazeni ubavu," alisema. "Kitu msimtie mdomoni. Haya, amekula nini? Amekunywa nini?"

"Amekunywa dawa ya kuharisha ya hospitali," mama mkwe alijibu. "Ni kiu tu hiyo, nesi. Amekaukiwa. Mpe maji." Na yeye mwenyewe alikuwa na kopo la maji mkononi, analipeleka mdomoni kwa mumewe.

"Ngoja," nesi Joha akasema. "Amekunywa maji kiasi gani leo?"

"Kidogo," mama akasema. Nadhani aliogopa kulaumiwa.

"Amekunywa na chumvi? Mchuzi? Uji wa chumvi?"

Kopo lilikuwa limeshafika midomoni mwa baba mkwe. Nilielewa kwamba nesi anataka kuamua jambo, na hawezi kuamua bila mimi. Nikinyamaza, atapewa maji. Nikisema, kijiji kizima kitajua mwalimu wao wa kisomo amefanya nini. Walikuwapo wanafunzi wangu sita mlangoni.

"Mama, usimpe!" nilisema. "Nesi, amekunywa mitungi midogo miwili. Maji matupu. Na uji hauna chumvi. Na dawa amekunywa pakiti zote mbili."

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Karatasi haikusema hivyo," nilijibu. "Mimi ndiye niliyesoma. Niliruka mistari."

Nesi Joha alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliitazama kidogo, akanirudishia.

"Isome," alisema. "Yote. Nataka nisikie wewe mwenyewe unajua kilichoandikwa."

Nikasoma mbele ya watu. Nilifuata maneno kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Utaharisha mara nyingi. Choo kikiwa maji maji ya rangi ya njano, bila uchafu, acha dawa. Usinywe pakiti ya pili. Kila ukitoka chooni, kunywa kikombe cha mchuzi wenye chumvi, au maji yaliyotiwa chumvi na sukari. Usinywe maji matupu mengi. Kama unatumia dawa nyingine, hasa vidonge vya kukojosha, tuambie kabla hujaanza. Ukitapika, ukiumwa sana kichwa, au ukichanganyikiwa, acha dawa, nenda hospitali upesi."

"Ana vidonge," mama mkwe alisema polepole. "Vya presha. Vinamkojosha sana. Daktari wa Mikumi alimuuliza mbele za watu, akasema hana dawa yoyote. Aliona haya kusema."

Nesi Joha alishusha pumzi. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Sasa sikilizeni. Huyu hakupungukiwa maji. Amepungukiwa chumvi mwilini, na maji matupu yamezidi. Hatumpi maji tena. Wala msimlishe chumvi kwa kijiko, maana hajitambui, atapaliwa. Hii ni kazi ya hospitali, tena sasa hivi."

Bahati nzuri bwana shamba Samweli alikuwa kijijini na Land Rover ya kilimo. Tukampakia baba mkwe nyuma. Tulifika Kilosa jua halijazama. Daktari wa zamu alisikia maneno ya nesi Joha tuliyomfikishia, akamtundikia chupa ya maji ya chumvi. Aliiachia polepole, tone moja moja, akawa anarudi kumtazama kila mara.

"Kwa nini isikimbie, daktari?" nilimuuliza. "Si amepungukiwa?"

"Chumvi ikishuka, hairudishwi kwa pupa," alinijibu. "Ubongo utaumia. Tunaipandisha polepole."

Siku mbili baba mkwe alilala bila kujua yuko wapi. Nesi Joha alikuja kumwona siku ya pili. Alinikuta ukumbini nimekaa sakafuni.

"Hujala?" aliuliza.

"Chakula hakipiti, dada. Nimemuua baba wa watu."

"Hajafa. Simama, nikueleze, maana kesho utawaeleza wengine." Akakaa nami kwenye benchi. "Umewahi kuunga mchuzi, wageni wakaongezeka, ukatia maji?"

"Mara nyingi."

"Unakuwaje?"

"Unapooza. Chumvi haisikiki."

"Basi damu nayo ina chumvi yake. Mtu akiharisha, anatoa maji pamoja na chumvi. Vidonge vya kukojosha navyo vinatoa chumvi. Halafu ukamjaza maji matupu, damu inapooza kama mchuzi ule. Maji yanaingia kwenye ubongo, ubongo unavimba. Ndipo kichwa kinauma, mtu anatapika, anapotewa na akili, anapata degedege. Anaweza kufa. Wazee na watu wa presha ndio hupatwa upesi zaidi."

"Kwa hiyo dawa ya kusafisha tumbo ni mbaya?"

"Si mbaya. Bila hiyo daktari haoni kitu. Inywewe kama ilivyoandikwa. Isiongezwe hata kidogo. Anywe pamoja na mchuzi wenye chumvi. Au chukua maji lita moja yaliyochemshwa, tia sukari vijiko vidogo sita, na chumvi nusu kijiko kidogo. Vijiko viwe vya kukwangua, visirundike. Chumvi usizidishe, nayo ina hatari yake. Na vidonge vya presha mtu asiviache kwa akili yake. Amwambie daktari, naye ataamua."

Nilirudia maneno hayo mpaka yakakaa kichwani.

Siku ya tatu asubuhi baba mkwe alifumbua macho akamtaja mama kwa jina. Nilikuwa nyuma ya pazia la wodi. Nilisikia, nikalia mpaka kwikwi.

Anselmi alifika siku hiyo kutoka Mikumi. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Hakunifokea. Ningependa angenipigia makelele.

"Wewe ni mwalimu, Regina," alisema kwa sauti ya chini. "Ulishindwa kusoma neno choo?"

Tuliporudi nyumbani wanafunzi walikuja darasani kama kawaida, lakini mtu mmoja aliyepata barua aliipeleka kwa karani wa ushirika. Niliona anapita nayo. Sikumlaumu.

Wiki tatu zilipita. Damu ilikuwa inaendelea kumtoka baba mkwe, na kipimo hakijafanyika. Mimi niliogopa kuuliza. Siku moja mama aliniita jikoni. Nje, nyuma ya ukuta, nilisikia kigoda kikiwekwa.

"Daktari wa Mikumi amempa dawa nyingine," mama alisema. "Safari hii amemwambia yote, hata vidonge. Wamemwandikia karatasi mpya. Nilimwambia ampelekee nesi Joha amsomee. Amekataa."

"Kwa nini, mama?"

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta, nzito, na ilinilenga mimi. Katika miaka yangu yote ya ndoa haijawahi kunilenga mimi.

"Mama Lea."

"Abee, baba," nilijibu, uso wangu ukutani.

"Mimi nilimficha daktari vidonge. Miezi minne nilimficha mama yako damu. Wewe ulificha mistari mitano. Wewe peke yako ndiye unayelia humu ndani. Haya, soma."

Nikaifungua karatasi. Neno la kwanza lilikuwa jina lake.

"Ulimboka," nilisoma. Mama Paulina alishtuka akaziba mdomo. Nikaendelea. Nilisoma habari ya chakula na ya dawa. Nilifika kwenye choo, nikasoma choo. Nilisoma rangi yake, na mara ngapi, na haja kubwa, na mkojo. Masikio yaliniwaka, jasho likanitoka mgongoni. Nilipofika mwisho nilibaki nimeshika karatasi kwa mikono miwili.

"Pale pa chumvi," baba mkwe alisema, "rudia."

Nikarudia. Mama akaenda palepale kutafuta kijiko kidogo na chupa ya lita.

Siku ya dawa tulifanya kila kitu kwa karatasi. Asubuhi nilimpikia mchuzi wa kuku wenye chumvi. Nilichora mstari mmoja kwa mkaa kwenye mlango wa jiko kila alipopita kwenda chooni, na kila mstari mama akampelekea kikombe kimoja. Choo kiliposafika, yeye mwenyewe alimwambia mama, na mama akanitangazia mimi, "Njano! Maji maji tu!" Tukaifunga dawa iliyobaki. Kichwa hakikumuuma. Alasiri alikuwa amekaa kivulini anamsimulia Lea habari za Tukuyu.

Kesho yake Anselmi alimpokea Mikumi akampeleka hospitali. Daktari aliona vizuri ndani. Alikuta kinyama kidogo ndicho kinachotoa damu, akakikata. Alisema kingeachwa miaka michache kingeweza kuwa saratani. Damu ilikoma.

Anselmi alirudi naye nyumbani. Jioni ile tukila, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama ananiambia ulimsomea baba yote. Kweli? Hukuona aibu?"

"Niliona aibu," nilimjibu. "Niliona aibu mwanzo mpaka mwisho. Na nilisoma mwanzo mpaka mwisho."